Mtu wa Kunipokea Zamu

Uwanja wa Ndege, Mwanza
12 Februari 1995

Dada yangu Teodora,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, maana meza ya sebuleni mke wangu Rose ameijaza dagaa anaowachambua, na ukimwambia awaondoe atakuuliza wewe utakula nini. Hatujambo. Watoto wanakwenda shule. Mvua za vuli zilitunyima, mahindi ya mayu, mama yetu, kule Sengerema yamekauka hayajafika hata kiunoni, lakini mihogo ipo na njaa haitatuua mwaka huu. Mayu mwenyewe miguu imeanza tena kuvimba. Anasema ni uzee. Nilimwona Krismasi, na wewe uliye mkubwa wetu nakwambia kweli, si uzee ule. Akitoka kisimani anapumzika njiani, yeye aliyekuwa anatuacha nyuma na ndoo kichwani.

Anakutaja kila saa. Soko zima la Sengerema halina muuza nyanya asiyejua kwamba binti yake wa kwanza ana meza yake na simu yake makao makuu Dar es Salaam, na kwamba hakuna mwongoza ndege anayehamishwa nchi hii bila karatasi kupita mkononi mwake. Nilimwambia apunguze. Akaniuliza, "Ulitaka nimsifie nani, wewe unayeshinda juu ya mnara na kunguru?"

Sasa nije kwenye shida yangu. Unaikumbuka ile miaka mibaya, ndege ikija Mwanza watu wanatoka majumbani kuitazama. Mafuta hakuna, vipuri hakuna. Mnarani tulikuwa tunacheza bao, na mbuzi wanakatiza njia ya kurukia bila wa kuwafukuza. Ndipo wakaja wakubwa kuhesabu. Wakahesabu ndege za miaka ile, wakatuhesabu na sisi, wakaona tumezizidi ndege. Mnara wa watu saba ukabaki na wawili, mimi na Muhidin. Sikulalamika, kwa sababu siku walipoipiga, hesabu hiyo ilikuwa ya kweli.

Lakini biashara imefunguliwa, dada, na ndege zimerudi. Viwanda vya minofu ya sangara vimejipanga ufukweni, na madege ya mizigo ya Kirusi yanakuja kuibeba kwenda Ulaya. Wazungu wanaotafuta dhahabu wana vindege vyao kila asubuhi, kwenda Geita na kurudi. Ndege za misaada ya wakimbizi wa Ngara zinatua hapa kunywa mafuta. Zote zimerudi kwa mpigo, watu walioondolewa hawajarudi hata mmoja. Tunafanya kazi kuanzia alfajiri mpaka uwanja unafungwa jioni, Jumapili kama Jumatatu.

Naomba mtu mmoja. Sisemi watano warudi, nasema mmoja, wa kunipokea zamu, nipate siku mbili nivuke ziwa nimpeleke mayu hospitali. Bwana Chenge, meneja wetu, alikuwa amekwisha kaa kwenye taipu kuandika ombi rasmi. Nikamwambia aache, lisije likazama kwenye mafaili, mimi nina dada yangu kulekule na nitamwandikia mwenyewe. Akacheka, akasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini karatasi aliitoa, na nadhani alifurahi kuokoa utepe wa taipu.

Ningepiga simu, ila ya mnarani ni ya kazi, na wanaounganisha simu wanasikiliza kila neno. Rose anakusalimu.

Mdogo wako,
Pius

Dar es Salaam
9 Machi 1995

Pius mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na nimeisoma nikicheka hapo kwenye dagaa, kisha nikaacha kucheka. Huku ni joto na umeme wa kubahatisha. Mimi ni mzima, nimepungua kidogo, na watu wananiambia nimependeza.

Habari ya miguu ya mayu nimeisoma mara mbili. Mwambie Rose amnyime chumvi. Najua atalalamika kwamba anapewa chakula cha hospitali kabla hajalazwa. Amnyime hivyohivyo. Na mwambie mayu kwamba Teo anasema hivyo, maana wewe hakusikilizi, hajawahi kukusikiliza tangu ulipomwambia mbuzi amezaa mapacha kumbe hujaenda hata zizini.

Juu ya shida yako: jina ninalo. Anaitwa Getruda Mihayo, yuko Tabora, amesoma vizuri na hana mume wa kumzuia. Kinachobaki ni sahihi ya mkubwa. Wewe wajua sahihi, zinatembea kwa miguu. Lakini zitafika. Chenge mwambie asiandike kitu, barua mbili kwa shida moja zitagombana mezani na zote mbili zitatupwa.

Kuanzia sasa niandikie kwa anwani ya rafiki yangu Yasmin niliyoiweka juu ya bahasha. Za ofisini siku hizi zinafunguliwa. Ofisi imejaa maneno, kila mtu anamtazama mwenzake, na sitaki jambo letu lianze kusemwa kabla halijaiva. Vumilia kidogo. Mimi ndiye mkubwa na nimekwisha lichukua, wewe liweke chini.

Dada yako,
Teodora

Mwanza
20 Aprili 1995

Dada Teodora,

Shikamoo. Tumekula Pasaka bila nyama, kwa sababu mwenye zamu ya kuileta alikuwa mnarani, na Rose alikuwa Sengerema. Nianze na hilo. Mayu tumemlaza. Ni moyo, ndiyo unaomvimbisha miguu. Rose anavuka na kivuko cha asubuhi na chungu chake cha uji, anarudi na cha jioni. Mimi sijavuka. Cha kwanza kinaondoka nikiwa nimekwisha panda mnarani, na cha mwisho kinaondoka sijashuka.

Muhidin ameondoka. Kampuni mpya ya ndege za kukodi imemchukua akae kwenye kiyoyozi kuwapangia safari zao. Simlaumu, ana watoto wanaokula kama wa kwangu. Alikuja kuniaga akashindwa kuniangalia usoni. Sasa anazipanga safari nami nazipokea, na juzi aliniletea tatu kwa wakati mmoja, akaomba radhi kwenye redio kwa Kiswahili mpaka rubani mmoja akauliza kuna nini.

Nataka uelewe kazi yenyewe, maana wewe ulizoea majina ya watu wake tu. Rada hapa hatuna. Siioni ndege mpaka ifike machoni. Rubani ananiambia yuko juu ya mahali fulani, kimo fulani, nami naandika kwenye kipande cha karatasi, nakipanga ubaoni, na kichwani najenga picha: huyu hapa, yule kule, huyu chini ya yule. Mwalimu wetu alitufundisha jambo moja kabla ya mengine yote: usipange lolote juu ya ndege ambayo haijasema iko wapi. Hata kama unajua itakuwa wapi. Hata kama rubani ni shemeji yako.

Na kichwa kina ukubwa wake. Ndege nne nazibeba vizuri. Ya tano naibeba jasho likinitoka. Tulipokuwa wawili, mmoja aliongea na mwingine alipanga na kumkumbusha, kwa hiyo hata ya saba ilipata mahali. Sasa ya sita ikiita najikuta nimesahau ya kwanza inaitwaje.

Nilijaribu kuzuia. Niliomba dege moja la samaki lisubiri chini Nairobi mpaka nitakapoliita. Kabla ya chakula cha mchana simu ililia kwa Chenge, mtu mkubwa, akauliza ni nani huyo anayezuia fedha za kigeni za taifa wakati minofu inaoza. Chenge akapanda ngazi zote zile na kifua chake kibovu kuja kuniambia niache. Nikaacha. Alikuwa ameshika kifua, akaniuliza tena kama aandike ombi. Nikamwambia dada yangu amelichukua.

Maji yamenifika shingoni, Teo. Mayu anamwuliza Rose kila siku, "Pius naye amekwenda Ulaya?" Niambie Getruda anakuja lini.

Pius

Dar es Salaam
17 Juni 1995

Mpendwa Pius,

Nimechelewa kukujibu, unisamehe. Nilikuwa na homa, halafu nikawa sina la kukuambia, na barua isiyo na la kusema mimi sipendi kuiandika.

Sasa ninalo. Nimezungumza na mkubwa mwenyewe, ana kwa ana, si mara moja. Amelikubali. Getruda atakuja na ndege ya abiria ya Alhamisi, tarehe 27 Julai. Atakuwa na koti la bluu. Mwachie zamu yako, mpe chai, uvuke siku hiyohiyo.

Kitenge nilichompa mwanamke mmoja anayekuja huko kwa gari moshi ni cha mayu. Ni kile chenye ndege wa maji, anachokipenda. Mwambie kimetoka dukani kwa Mhindi, mtaa wa Uhindini, asije akafikiri nimekinunua mnadani. Mwambie nitakuja nikipata likizo. Mwambie pia asile chumvi ya kuiba, najua jirani wa kitanda cha pili anamgawia.

Usiniulize habari za ofisini kila mara, Pius. Nikiwa nazo nitakupa. Wewe angalia ndege zako. Nakuombea kila asubuhi kabla sijatoka, na siku hizi natoka mapema sana.

Dada yako,
Teodora

Mwanza
30 Julai 1995

Dada,

Shikamoo. Hakuja.

Nakueleza yote kama yalivyokuwa. Rose alivuka Jumatano akalala kulekule. Alhamisi asubuhi alimwogesha mayu, akamsuka, akamfunga kitenge chako. Mayu aliwaambia wodi nzima kwamba binti yake amemtuma mtu kwa ndege ili mwanawe apate kuvuka. Ukimsikia Rose anavyosimulia, manesi walikuwa wanapita kumpongeza. Akakataa kulala upande wa ukutani kama siku zote. Akalala upande wa mlango.

Mimi huku nilikuwa nimenyoa ndevu, na begi langu lilikuwa chini ya kiti. Ndege ya abiria ilitua saa tano. Nikachukua darubini nikawatazama wanavyoshuka, mmoja mmoja. Wanaume wa mikoba. Masista wawili. Mama mwenye kuku ndani ya kapu, sijui walimruhusuje. Nikangoja koti la bluu mpaka wakafunga mlango. Nikajiambia pengine amelivua kwa joto, nikaanza upya kuwatazama waliokwisha fika kwenye jengo.

Wakati huo nilikuwa na kindege cha dhahabu kinatoka Geita. Kilikuwa kimesema kiko juu ya kisiwa cha Kome, na nilitakiwa kukiuliza tena. Sikukiuliza. Nilikiacha palepale Kome kichwani mwangu nikaendelea na darubini. Mrusi wa samaki akaomba kuruka. Nikamruhusu. Akaruka kuelekea ziwani na mzigo wake wote, na mara nikasikia sauti ya yule wa dhahabu, imetulia kabisa, inauliza, "Mwanza, na huyu aliye mbele yangu ni wa nani?"

Walipishana. Nilimwona yule mdogo akiinama kando kama mtu anayekwepa tawi. Baadaye rubani alipanda mnarani, Mwafrika Kusini mwenye mvi, nikajua amekuja kunitukana. Alitazama kiti cha pili kilichokuwa kitupu, akatazama begi langu, akashuka. Ndani ya kindege kile walikuwamo watu sita. Kalamu hii naishika kwa nguvu, ndiyo maana unaona karatasi imetoboka.

Kosa ni langu, na najua ni kosa gani. Nilimpanga Getruda. Hakuwa amesema yuko wapi, nami nilikwisha mweka kwenye kiti.

Chenge ameniuliza kwa mara ya tatu. Nimemjibu kwa mara ya tatu. Lakini nakuomba, Teo, kama lipo lililoharibika huko, niambie limeharibika. Sitagombana nawe. Wagombea nao wameanza kukodi ndege kwa ajili ya kampeni, na wale hawana saa. Mayu anahema kwa kukaa sasa. Hawezi kulala chali. Anauliza kama mtu wa Teo alipotea njiani.

Pius

Mwanza
21 Agosti 1995

Teodora,

Mayu alitutoka tarehe 14, asubuhi, Rose akiwa bado kwenye kivuko. Chungu cha uji kilimkuta amekwisha funikwa.

Nilipewa ruhusa. Uwanja ulifungwa siku moja, madege ya samaki yakazuiwa yalikotoka, na hakuna mkubwa aliyepiga simu. Chenge alisimamia yote, akaja na mazishini. Kwa maiti ruhusa ipo. Kwa mgonjwa ilikuwa hakuna.

Tulimzika kando ya baba. Tulikungoja wewe mtoto wa kwanza urushe udongo wa kwanza. Wazee walisema tungoje, tukangoja, jua likashuka mpaka waliotoka mbali wakaanza kutazama njia. Nikarusha mimi.

Nilikuwa nimepiga simu ofisini kwako siku ileile ya msiba, kwa simu ya kazi, wasikilize wanaotaka kusikiliza. Alipokea binti mmoja mwenye adabu. Alichoniambia sikiandiki hapa. Nataka unieleze wewe.

Kitenge tumemzika nacho.

Pius

Dar es Salaam
10 Septemba 1995

Mdogo wangu,

Sistahili uniamkie, kwa hiyo usiniamkie.

Walinipunguza kazini Januari. Mimi niliyepitisha karatasi za wenzangu wote, karatasi ya mwisho kupita mkononi mwangu ilikuwa yangu. Barua yako ya kwanza ilikuta mtu mwingine kwenye meza ile. Yasmin, aliyebaki pale kama mhudumu, ndiye aliyeichukua na kuniletea nyumbani.

Ningeweza kukuandikia siku ileile: Pius, sina meza, mwache Chenge aandike. Maneno machache. Niliyaandika. Halafu nikawaona wauza nyanya wa Sengerema, na mayu katikati yao na kapu lake, na nikaona mdomo wake utakavyokuwa akiambiwa. Nikaichana. Nikajidanganya kwamba mtu aliyekaa pale miaka yote ile hashindwi kusukuma karatasi moja hata akiwa nje.

Nauza vitumbua, Pius. Nauza kwenye lango la jengo lilelile. Nilichagua pale makusudi, ili mkubwa akishuka kwenye gari nimwone. Anapenda vya nazi. Kwa hiyo niliposema nimezungumza naye ana kwa ana, nilizungumza naye, na kitumbua kilikuwa mkononi mwake. Nilimtajia jina la Getruda. Akasema nitaliangalia. Nikakuandikia amelikubali. Mara nyingine akasema labda mwisho wa Julai. Alhamisi niliitunga mimi. Na koti la bluu. Sijawahi kumwona Getruda Mihayo hata kwa picha, najua jina lake tu kwa sababu karatasi zake za ajira zilipita mkononi mwangu.

Nilitaka mngoje mkiwa na furaha kidogo. Hayo ndiyo niliyoyafikiri, na sasa nikiyaandika naona yalivyo.

Yasmin aliniletea habari za msiba siku uliyopiga simu, alisikia mezani. Nilifunga kabati langu la vitumbua nikaenda stesheni kama nilivyo, na mikono ya unga. Nilipanda. Usiku kucha nililia na mwanamke mmoja wa Kigogo aliyekuwa hanijui, akinishika goti. Tulipofika Dodoma nikafikiria kaburi, na watu wamesimama, na ninyi mnanitazama, na wale akina mama wa sokoni wananipa pole na kuuliza habari za ofisi. Nikashuka. Nilikaa stesheni pale mpaka gari moshi la kurudi. Mtoto wa kwanza wa mayu alizikiwa mama yake akiwa kwenye benchi la Dodoma.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha, na mayu akafa akingoja mtu niliyemtunga. Sikuombi kitu. Watoto waambie shangazi yao amesafiri. Usinijibu.

Teodora

Mwanza
5 Novemba 1995

Dada yangu,

Shikamoo. Umesema nisikuamkie, lakini aliyenifundisha kuamkia ni wewe, kwa fimbo ya mpera, na siwezi kuacha kwa amri ya barua moja.

Nimekawia kukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mayu asingependa kuyasoma. Rose aliyaona mawili matatu akayatia jikoni.

Watoto ni wazima. Mvua zimewahi mwaka huu, na nimepanda shamba la mayu mihogo tu, sina imani na mahindi.

Kuna jambo nililiandika kwenye barua mbili nilizozichana, na sasa naliacha libaki. Kesho yake baada ya mazishi, Chenge hakuniuliza tena. Alikaa kwenye taipu akaandika ombi la mtu mmoja, akalituma kwa njia ya kawaida, kupitia mkoani, na mihuri yake yote. Getruda yuleyule wa Tabora alifika kabla mwezi haujaisha. Ni mfupi, mnene kidogo, anacheka kwa sauti, na hana koti la bluu. Februari Chenge alikuwa ameshika karatasi hiyohiyo. Mimi ndiye niliyemwambia aitoe. Kwa hiyo hesabu hii, dada, usiibebe peke yako, ingawa sitakudanganya kwamba mzigo wetu ni sawa.

Getruda anafanya kazi vizuri. Kwenye kupokezana zamu ana desturi ya Tabora, hakuachii kiti mpaka umrudishie picha yote kwa mdomo, nani yuko wapi na nani chini ya nani, na ukikosea moja anakuanzisha upya. Warusi anawaambia wasubiri, na wanasubiri. Simu ya mkubwa ililia wakati wa kampeni. Getruda akamjibu kwamba mnara una kiti kitupu, apande aziongoze ndege mwenyewe. Chenge alikwenda nje kucheka.

Mimi siko sawa. Nilikuwa mtu wa ndege nne na sasa ni mtu wa tatu. Ya tatu ikiita nasikia swali la yule Mwafrika Kusini, na Getruda ananiona, anavuta kiti karibu bila kunitazama. Sijui kama nitaendelea na kazi hii. Nikishuka jioni nakaa kwenye ngazi ya chini muda mrefu kabla ya kwenda nyumbani. Mtu niliyemwomba amekuja, na aliyekuwa ananingoja ng'ambo hayupo. Kuna siku hilo linanielemea hadi natamani ningegongana na kitu mimi mwenyewe.

Nilipata siku yangu ya kwanza ya mapumziko nikavuka. Miguu ilinipeleka hospitali, sijui kwa nini, mpaka mlangoni mwa wodi. Kwenye kitanda chake alikuwapo mwanamke mwingine, amelala upande wa ukutani. Nikarudi nikapita sokoni kununua maua ya karatasi ya kaburi. Wale akina mama wakanizunguka. Wakauliza, Teodora mbona hakuonekana, au kazi nyingi ofisini? Nikawaambia ukweli. Nikawaambia ulipunguzwa Januari na unauza vitumbua.

Najua ndilo ulilolikimbia mpaka Dodoma, kwa hiyo nikuambie walivyopokea. Yule mwenye nyanya, rafiki mkubwa wa mayu, alisema, "Wa kwangu naye, kule kiwanda cha nguo." Mwingine akasema wa kwake ni mwaka jana. Basi. Wakaendelea kupanga nyanya zao. Mwenye nyanya akanifungia fungu moja, akasema nikikuandikia nikupe pole ya mama.

Naipitisha kwenye karatasi hii, naitoa kama nilivyopewa: pole ya mama.

Sasa la mwisho. Kazini kwetu rubani anaweza kusema yuko mahali ambapo hayupo. Anakosea, au anaona aibu kwamba amepotea juu ya maji. Hatugombani naye akiwa hewani, na hatumwulizi kwa nini. Tunamwita kwa jina na kumwuliza tena, na tunangoja, na hakuna kingine kinachopangwa mpaka ajibu. Kando ya kaburi la mayu nimeacha udongo wako wa kurusha. Wazee wamekubali usisawazishwe. Barua hii naipeleka kwa Yasmin, na sijui kama bado uko langoni pale, au kwenye benchi lile, au wapi.

Teodora, uko wapi?

Mdogo wako,
Pius